Diploma ya sinema, je, itamlisha mtoto?



Dominika moja baada ya Misa alitujia nyumbani baba mmoja wa parokia yetu, mwashi kwa kazi yake, pamoja na mwanawe wa miaka ishirini. Kijana huyo amekwisha kushinda Mtihani wa Serikali. Mkononi alikuwa na barua iliyotoka katika shule moja ya sinema ya ng'ambo, yenye kusema ya kuwa amekubaliwa kuanza masomo ya miaka mitatu. Chini ya barua iliandikwa bei. Ilionekana ya kuwa baba ameisoma bei hiyo mara nyingi, kwa maana karatasi ilikuwa imelegea mahali pa kukunjwa. Akatuambia ya kuwa ana kiwanja kimoja tu, alichokipata kwa miaka kumi na mmoja ya kujenga nyumba za watu wengine, na ya kuwa mnunuzi amekwisha kupatikana. Ndipo akatuuliza: "Mwalimu, nikiuza kiwanja changu, diploma hii itamlisha mwanangu?"

Hatukumjibu siku ile. Swali la namna hii halijibiwi mlangoni. Tulimwomba asitie sahihi mbele ya mnunuzi mpaka tutakapokutana tena, nasi tukaenda kusoma na kuulizauliza. Leo twawaletea ninyi nyote tuliyoyapata, kwa maana twajua ya kuwa katika nyumba nyingi yumo mtoto anayeota sinema, na yumo mzazi anayehesabu fedha usiku wakati wengine wamelala.

Kwanza tuondoe jiwe moja njiani. Wako wazazi wanaosema: sinema si kazi, ni mchezo wa wavivu. Hao twawakumbusha ya kuwa katika nchi yetu wamisionari wenyewe walishika kamera zamani. Katika miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst, wa Shirika la Scheut, alitengeneza huko Kasai filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, na wazee wengine wangali wakizikumbuka. Tena filamu moja yahitaji mafundi wengi: mwenye kuandika hadithi, mwongozaji anayewaelekeza waigizaji, mpiga picha, mwenye taa, mwenye kunasa sauti, mwenye kuunganisha vipande vya picha, na mwenye kutafuta fedha na kuzitolea hesabu. Kazi ipo. Swali letu ni njia ya kuifikia.

Sasa tufahamu vema jambo la pili, kwa maana ndilo linalowadanganya wazazi wengi. Sisi tuliosomeshwa shuleni tumezoea kudhani ya kuwa diploma ni ufunguo wa kila mlango. Kwa kazi nyingine ni kweli. Mtu akitibu wagonjwa pasipo diploma ya uganga, sheria yamkamata. Mtu asiye na hati ya ualimu hawezi kudai darasa la serikali. Lakini sinema haina sheria hiyo. Mwenye fedha za kutengeneza filamu, anapochagua mwongozaji au mpiga picha, hasemi, "Nionyeshe diploma." Husema, "Nionyeshe filamu uliyoifanya." Akiipenda, hata kama mtu huyo hakufika chuo kikuu, atamwita. Asipoipenda, diploma tatu hazitamwokoa.

Tutazame maisha ya watu wachache, ili tusiseme maneno matupu.

Paulin Soumanou Vieyra, aliyezaliwa Dahomey, nchi iitwayo leo Benin, alikuwa Mwafrika wa kwanza kumaliza masomo katika IDHEC, shule kuu ya sinema ya Paris. Diploma alikuwa nayo. Hata hivyo, wakati ule serikali ya kikoloni ya Ufaransa ilikuwa na amri ya mwaka 1934, iliyotaka kila mwenye kupiga filamu katika makoloni yake apate kwanza ruhusa. Vieyra na wenzake hawakuipata. Basi filamu yao Afrique-sur-Seine, ya mwaka 1955, waliipiga mjini Paris, wakionyesha maisha ya Waafrika walioishi huko. Mnaona: karatasi ilikuwa njema, lakini mlango ulikuwa mikononi mwa mwingine.

Ousmane Sembène wa Senegal, aliyezaliwa mwaka 1923, alipitia njia nyingine. Alipakua mizigo bandarini Marseille, akaandika vitabu. Alipoona ya kuwa wengi wa watu wake hawawezi kuvisoma, alitamani sinema iwafikie. Akapewa msaada wa masomo, akaenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye alikuwa karibu na umri wa miaka arobaini. Hakukaa miaka mingi. Mwaka 1963 alitoa Borom Sarret, filamu ya dakika kama ishirini juu ya mtu mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Mwaka 1966 akatoa La Noire de..., na tangu hapo aliitwa na wengi baba wa sinema ya Afrika. Alikwenda shule akiwa anajua tayari anataka kusema nini. Shule ilimpa namna ya kulisema.

Wasichana nao wamsikilize Safi Faye, wa Senegal pia. Alikuwa mwalimu wa shule mjini Dakar, kama sisi. Baadaye alikwenda Paris akasoma elimu ya mila na desturi za watu, pamoja na sinema. Mwaka 1975 alitoa Kaddu Beykat, filamu iliyoonyesha kijiji cha kwao na taabu ya wakulima wa karanga. Elimu ilimsaidia sana, lakini karanga zile na wazee wale alikuwa nao moyoni kabla ya kupanda ndege.

Tuje nyumbani kwetu Kongo. Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu wa mwaka 1950, alisomea sinema Ubelgiji, katika Institut des Arts de Diffusion. Aliporudi hakuongoza filamu ndefu mara moja. Alifundisha mjini Kinshasa, na mwaka 1982 akatoa Kin-Kiesse, filamu ya kweli juu ya mji huo. Ilimpasa kungoja hadi mwaka 1987 ndipo itoke La Vie est belle, aliyoiongoza pamoja na Benoît Lamy, na ambamo Papa Wemba aliigiza. Mwaka 1999 filamu yake Pièces d'identités ilipata tuzo kubwa ya tamasha la FESPACO huko Ouagadougou. Kwake yeye diploma ilifaa: ilimpa ufundi, tena ilimpa kazi ya kufundisha wakati filamu zilipokuwa bado mbali. Lakini kati ya shule na filamu ndefu ya kwanza ilipita miaka mingi, na mzazi yafaa aihesabu miaka hiyo.

Dieudo Hamadi, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984, hakuanza na sinema. Alianza masomo ya uganga. Kisha akaingia katika mafunzo mafupi ya kutengeneza filamu za kweli, akajifunza pia kuunganisha picha. Mwaka 2010 alikuwa mmoja wa vijana waliotengeneza Congo in Four Acts, kazi iliyosimamiwa na Djo Munga, ambaye mwenyewe alisoma sinema Brussels. Sehemu moja yaonyesha akina mama waliojifungua mjini Kinshasa, wakazuiwa hospitalini kwa kuwa hawakuweza kulipa. Mwaka 2014 alitoa Examen d'État, juu ya wanafunzi wa Kisangani wanaojitayarisha kwa Mtihani wa Serikali. Ninyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mwajua vema taabu ile! Mwaka 2020 filamu yake En route pour le milliard, juu ya watu waliolemazwa na vita vya siku sita vya Kisangani vya mwaka 2000, ilichaguliwa na tamasha la Cannes, ijapokuwa mwaka ule tamasha halikufanyika kama desturi kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Basi huyu hakutumia diploma ya sinema kama ngazi. Alitumia mafunzo mafupi, walimu wema, na kazi isiyokatika.

Kutokana na hayo msiseme haraka: "Kumbe shule haifai." Hatukusema hivyo. Hata Hamadi alifundishwa, na mmoja wa waliomsaidia alikuwa mtu wa shule kuu. Shule njema ya sinema hutoa vitu vinne.

La kwanza, hutoa nafasi ya kukosa bila kufukuzwa. Mwanafunzi akisahau kuwasha kinasa sauti, mwalimu atamkaripia, na kesho atarudia. Akisahau jambo hilo hilo katika kazi ya mtu aliyelipa, hataitwa tena.

La pili, hutoa vyombo na utaratibu: kamera, taa, vinasa sauti, na siku iliyowekwa ambayo filamu sharti iwe imekwisha.

La tatu, hufungua macho. Mwanafunzi huonyeshwa filamu za nchi nyingi na za miaka mingi, akajua ya kuwa mambo anayodhani ameyavumbua yamekwisha kufanywa, na mengine kwa uzuri zaidi.

La nne, hutoa wenzi, na pengine hilo ndilo kubwa kuliko yote, kwa maana filamu haitengenezwi na mtu mmoja. Spike Lee wa Marekani alikutana na mpiga picha Ernest Dickerson walipokuwa wanafunzi katika chuo kikuu cha New York. Filamu yake ndefu ya mwaka 1986, iliyomfanya ajulikane, ilipigwa na Dickerson kwa siku kumi na mbili tu. Na hata filamu kubwa juu ya Malcolm X, ya mwaka 1992, ilipigwa na yeye yule. Urafiki wa darasani ulilisha nyumba mbili.

Lakini angalieni: katika vitu hivyo vinne, hakuna hata kimoja kilichoandikwa juu ya karatasi ya diploma. Vyote vyapatikana katika miaka ya kusoma yenyewe. Aliyelala darasani atapewa labda karatasi ile ile, wala haitamfaa. Wazee wamesema: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Karatasi yenyewe yafaa mahali pachache, nasi twapataja ili tuwe wa haki: kwa mtu atakaye kufundisha katika chuo, kwa atakaye kuajiriwa katika ofisi za serikali au za televisheni zinazopanga mishahara kwa kufuata hati, na kwa atakaye kuendelea na masomo ya juu.

Sasa tuje kwenye fedha. Shule si zote sawa. Katika chuo kikuu kile cha New York, ambako Martin Scorsese alisomea naye pia (baada ya kuanza katika seminari ndogo na kutoka upesi; sisi tuliopita seminari hatumcheki), ada ya masomo leo yapita dola 60,000 kwa mwaka mmoja, bila chakula wala kitanda. Wanafunzi wengi wa Marekani hukopa, nao hulipa deni miaka mingi. Shule za serikali za Ulaya, kama La Fémis ya Paris na INSAS ya Brussels, zina ada ndogo kuliko hiyo, ijapokuwa mgeni aweza kudaiwa zaidi ya mwenyeji. Lakini mlango wake ni mwembamba, na mtihani wa kuingia ni mkali. Katika Afrika iko pia Imagine ya Ouagadougou, mahali pa mafunzo palipoanzishwa mwaka 2003 na Gaston Kaboré, mwongozaji aliyesoma kwanza historia.

Tena tusisahau jambo moja ambalo wasifu wa watu wakubwa hulipita kimya. Sembène alisoma kwa msaada. Souleymane Cissé wa Mali, aliyepata tuzo ya waamuzi huko Cannes mwaka 1987 kwa filamu yake Yeelen, naye alisoma Moscow kwa msaada. Kwao shule ilikuwa zawadi. Ingalikuwa deni, huenda wangalitafuta mshahara wowote kwanza, na sinema ingalingoja. Kijana anayetoka shuleni bila deni aweza kufanya kazi ndogo mwaka mzima huku akiandika filamu yake. Kijana ambaye nyumba ya wazazi wake iliuzwa hana ruhusa ya kungoja. Shule ile ile iliyomfundisha yaweza kumfunga mikono.

Wengine watatuambia: "Siku hizi simu yatosha, shule ya nini?" Ni kweli ya kuwa Sean Baker wa Marekani alipiga filamu ndefu nzima kwa simu za mkononi, ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2015. Lakini Baker alikuwa amesoma sinema New York, na kabla ya simu hizo alikuwa amekwisha kutoa filamu nyingine ndefu. Simu imeshusha bei ya kamera. Haikushusha bei ya kujifunza.

Basi, wazazi, kabla ya kutoa fedha, iulizeni shule maneno haya, wala msione haya, kwani kuuliza si ujinga. Mwanafunzi mmoja atatengeneza filamu ngapi kwa mikono yake mwenyewe? Walimu wake, je, wao wenyewe wangali wakitengeneza filamu? Waliotoka miaka mitano iliyopita wako wapi leo, na wanakula kwa kazi gani? Shule isiyoweza kujibu swali hilo la mwisho, au inayojibu kwa picha nzuri za majengo, iacheni.

Nanyi vijana, jiulizeni neno moja: nataka kutengeneza filamu, au nataka kuitwa mtengeneza filamu? Jibu lake halipatikani kwa kufikiri. Hupatikana kwa kutengeneza moja.

Ndivyo tulivyomwambia mtoto wa mwashi. Tulimpa majuma matano, alete filamu ya dakika kumi juu ya kazi ya baba yake, kwa simu aliyokuwa nayo. Alirudi na dakika nne. Tuliketi mezani sote watatu tukaitazama. Picha zake zilikuwa njema kuliko tulivyotazamia: mikono, mwiko, vumbi la saruji kwenye mwanga wa asubuhi. Lakini baba alipoanza kusema, upepo ulifunika sauti yake, hata hatukusikia neno. Tena vipande viliunganishwa ovyo: ukuta uliinuka, kisha ukashuka, kisha ukainuka tena pasipo mtu kuubomoa. Kijana aliona haya, akainamisha kichwa.

Tukamwuliza anakosa nini. Akajibu mara moja: "Sijui kunasa sauti, Mwalimu, wala sijui kuunganisha." Hapo tulifurahi, kwa maana majuma matano nyuma alikuwa akitaka "sinema" tu, na sasa ajua jina la ujinga wake. Baba yake hakusema lolote juu ya upepo wala ukuta. Alitazama simu ile, akasema polepole: "Sikujua kwamba nashika mwiko hivyo."

Kiwanja hakikuuzwa. Kijana ameanza mafunzo ya miezi mitatu ya sauti na kuunganisha picha, kwa ada ambayo baba aweza kuilipa kwa mshahara wa nyumba moja. Jumamosi huwafuata wapiga picha za arusi, akiwabebea taa na kujifunza. Mwakani atajaribu mtihani wa shule moja ya serikali na kuomba msaada wa masomo, naye atapeleka filamu aliyoifanya. Akikubaliwa, na aende kwa furaha. Sisi wenyewe tutamsindikiza. Asipokubaliwa, atakuwa na ufundi mkononi, na baba atakuwa na kiwanja.

Hatuwaahidi ya kuwa atafaulu. Katika sinema wengi huanza na wachache hudumu, wenye diploma na wasio nayo. Lakini akikosa, atakosa kama kijana aliyejaribu, wala si kama kijana aliyewanyang'anya wadogo zake mahali pa kujenga. Tofauti hiyo, wazazi wapenzi, ndiyo mliyo na uwezo wa kuichagua leo.

Ameahidi kutuletea filamu ya pili kabla ya Noeli. Tumemwambia ya kuwa safari hii twataka kuisikia sauti ya baba.